Picha ya "Slacker" na Neno la Kuitafsiri

Picha ya sinema iitwayo Slacker, aliyoitengeneza Richard Linklater katika mji wa Austin, Texas, huko Marekani, humchosha mtazamaji angojaye kisa, maana kisa hamna. Ilipigwa mwaka 1989 kwa fedha haba, kiasi cha dola 23,000, ikaenea Marekani mwaka 1991. Watu wake wapata mia. Kamera humwandama mmoja dakika chache, na apishanapo na mwingine njiani, humwacha ikamfuata huyo wa pili, wala yule wa kwanza haonekani tena. Majina hawana.

Shauri letu ni la lugha: jina hilo lifasiriwe vipi? Neno lijalo upesi ni "Wavivu". Katika Kiingereza slacker ni mtu alegezaye kazi kama alegezavyo kamba; katika Vita Kuu ya 1914–1918 waliitwa hivyo waliokwepa jeshi. Lakini mvivu wetu ni yule wa Mithali, aagizwaye kumtazama chungu, naye amelala. Hawa hawalali. Mmoja amekusanya habari zote za kuuawa kwa Rais Kennedy mwaka 1963, naye amshika dukani mwanamke aliyesoma naye zamani, ammiminia zote, hata yule atafuta njia ya kutoka kwa adabu. Mwingine amejaza chumba televisheni, na moja aibeba mgongoni. Kazi ya mshahara hawana, ila bidii wanayo. "Wazururaji" lakaribia zaidi, lakini neno hilo lina harufu ya askari na faini, na picha hii haimshitaki mtu.

Sikiliza basi wasemavyo. Mwanzo kabisa Linklater mwenyewe aingia katika teksi, amweleza dereva ndoto zake na njia zote ambazo mtu hakuzishika maishani. Dereva hajibu hata neno. Ndivyo iendavyo karibu picha nzima. Kiswahili chetu chapambanua vema hapa: kusema, mtu aweza peke yake, kuzungumza kwataka wenzi. Kijana wa barazani, ambaye mwalimu apitaye humwita mvivu, hubishiwa, huchekwa, huulizwa tena. Watu wa Austin wana maneno mengi, baraza hawana.

Kosa la mtengenezaji, kwa maoni yetu, ni kwamba kamera yake nayo hutenda kama yule mwanamke dukani: husikiliza kidogo, kisha hujiondoa. Baadhi ya wasemaji wabaki kichekesho tu.

Ila pana mzee mmoja, mpinga serikali wa siku nyingi. Aliyemwigiza ni Louis Mackey, mwalimu wa falsafa wa Chuo Kikuu cha Texas. Arudi nyumbani na binti yake, amkuta kijana mwizi ndani. Polisi hawaiti. Amkaribisha, amwuliza habari, wakatoka kutembea pamoja. Maneno ni mengi mno ya mzee, kweli, lakini mwizi ayasikia na kuyajibu, na kamera yakawia. Sehemu hii yapita zote.

Mwishoni vijana wapanda mlima wakipigana picha, kisha waitupa kamera gengeni. Sisi tungeiita "Wasemaji wa Njiani". Mwenye neno bora na atuandikie.