Dalali Aliyetafutwa Miaka Ishirini

Kufikia katikati ya karne ya 20, safari ya glukosi ndani ya seli ilikuwa imechorwa karibu yote. Inavunjwavunjwa, elektroni zake zinapokezanwa na protini zilizopachikwa kwenye utando wa ndani wa mitokondria, na mwisho zinapokelewa na oksijeni, maji yanatokea. Ilijulikana pia kwamba nishati inayotoka humo huishia kwenye ATP, molekuli inayotumiwa na misuli, neva na figo. Kilichokosekana ni kiungo cha katikati.

Mwaka 1953 E. C. Slater alipendekeza kuwa lazima ipo kemikali maalumu inayochukua nishati kwa elektroni na kuikabidhi kwa ATP. Dalali, kwa lugha ya mtaani. Maabara kubwa zikamsaka, nyingine zikadai zimempata, lakini hakuna dai lililodumu.

Mwaka 1961 Mwingereza Peter Mitchell alisema dalali hayupo. Elektroni zikipita, protini zile husukuma protoni kuvuka utando. Nje panazidi asidi na chaji chanya, protoni zinavutwa kurudi ndani, na njia yao ni kimeng'enya kinachounda ATP. Hapo likaeleweka jambo lililowakera wengi: utando ukichanika, chakula kinaendelea kuungua lakini ATP haitengenezwi. Dalali wa kikemia hakuhitaji utando mzima, protoni zinauhitaji.

Uzuri wa dai hilo, kwangu mimi, ni kwamba linapimika. Mitchell na Jennifer Moyle waliweka mitokondria za ini la panya kwenye kimiminika kisicho na oksijeni, wakatumbukiza elektrodi ya kupima pH, kisha wakaingiza oksijeni kidogo. Asidi ikapanda mara moja, halafu ikapungua taratibu protoni ziliporejea. Wapinzani wakajibu kuwa hayo ni matokeo ya pembeni tu. Hawakuwa wajinga: kuona protoni zikitoka si kuthibitisha kwamba ndizo zinazofanya kazi.

Jibu lilitoka kwa André Jagendorf na Ernest Uribe mwaka 1966. Walitumia kloroplasti za spinachi, sehemu za seli zinazonasa mwanga, ambazo zina kimeng'enya cha aina ileile, ila zenyewe hurundika protoni ndani. Waliziloweka kwenye asidi ya pH 4 mpaka ndani pakajaa protoni, kisha ghafla wakazihamishia kwenye pH 8 pamoja na ADP na fosfeti, malighafi za ATP. Yote gizani. ATP ikaundwa bila mwanga, bila elektroni kupita popote.

Aliyebaki na shaka aliweza bado kusema dalali amejificha humo humo. Mwaka 1974 Efraim Racker na Walther Stoeckenius wakamnyima maficho. Walitengeneza vifuko vidogo kwa mafuta ya soya, wakapachika protini ya zambarau kutoka kwa kijidudu cha maji ya chumvi kali, ambayo husukuma protoni ikimulikwa, na kando yake kimeng'enya cha ATP kutoka moyo wa ng'ombe. Wakawasha taa, ATP ikatokea. Dalali gani angewajua wateja wawili waliotoka mbali hivyo? Hilo ndilo jaribio ninalolipenda kuliko yote.

Mitchell alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1978, peke yake. Hesabu za vitabuni nazo ziliyumba. Hesabu ya ATP 38 kwa kila glukosi ilichukulia kuwa mabadilishano ni ya namba kamili; protoni huvuja, na nyingine hutumika kusafirisha vitu kupita utandoni, hivyo leo husemwa 30 hadi 32.

Katika jambo moja Mitchell alikosea. Aliamini protoni zinaingia zenyewe kwenye mmenyuko unaounda ATP. Mwanakemia Paul Boyer alidai zinazungusha kimeng'enya tu, mzunguko ndio unaoitoa ATP. Mwaka 1994 John Walker na wenzake walichapisha umbo la kimeng'enya hicho, likaafikiana na Boyer, na mwaka 1997 watafiti wa Japani walikibandikia uzi wa protini, wakakiendesha kinyumenyume kwa kukilisha ATP, na wakauona uzi ukizunguka chini ya hadubini.