Kila Moduli na Mlango Wake

Programu yetu ya Laravel ilikuwa na moduli tatu: duka la wateja, ghala na uhasibu. Zote zilikaa kwenye kikoa kimoja, zikitofautishwa na kinachofuata baada ya mkwaju. Tulipoamua kila moja ipate kikoa tanzu, tuliandika Route::domain('ghala.example.com'), tukaziweka njia za ghala ndani ya kundi hilo, tukaona tumemaliza. Tulipofungua ukurasa wa mwanzo wa ghala, tukaletewa duka.

Vikoa tanzu vyetu vyote huishia kwenye seva ileile. Kivinjari hutaja jina kinalolitaka kwenye kichwa cha Host, na Laravel hulilinganisha na njia zake. Njia za duka hazikuwa zimefungwa kwa kikoa chochote, hivyo zilikubali jina lolote. Na katika toleo tulilotumia, njia iliyoandikwa kwanza ndiyo inayoshinda. Tulizipandisha njia za ghala juu ya zile za duka, kila ukurasa ukarudi mahali pake.

DNS haikutusumbua: rekodi moja yenye kinyota, na mstari mmoja wa server_name kwenye Nginx.

Kazi nzito ilikuwa sesheni. Mhasibu aliyekwisha kuingia ghalani alilazimika kuingia upya kwenye uhasibu, kwa sababu kidakuzi hubaki kwenye kikoa kilichokitoa. Wengi hapa huweka SESSION_DOMAIN kuwa .example.com, wakaendelea na mengine. Mimi nilikataa. Kidakuzi hicho hupelekwa kwa kila kikoa tanzu, hata kile utakachomkabidhi fundi wa nje kesho, na ndani yake mna ufunguo wa vitabu vya hesabu. Tuliwahamishia wafanyakazi ngazi moja chini: ghala.ofisi.example.com na uhasibu.ofisi.example.com, na kidakuzi chao kikaishia .ofisi.example.com. Thamani hiyo huchaguliwa kwa kuangalia Host, kabla sesheni haijaanza. Ukichelewa, kidakuzi hutoka na kikoa kisicho chake.

Uamuzi huo ulitudai jina jingine kwenye cheti. Let's Encrypt hutoa vyeti vya kinyota tangu 2018, kwa sharti la kuthibitisha umiliki kupitia DNS, lakini kinyota hufunika ngazi moja tu. Cheti cha *.example.com hakiitambui ghala.ofisi.example.com, kwa hiyo tuliongeza *.ofisi.example.com kwenye ombi lilelile.