Fundi wa Diski Apimwe kwa Anachokusudia Kuokoa

Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, una mafundi wanaoweza kubadilisha tundu la chaji la simu mteja akiwa amesimama palepale. Ndiyo maana mpiga picha za harusi ambaye diski yake ya nje imevunjika tundu la waya huipeleka kwa fundi huyohuyo. Kwa macho, kazi ni ileile: ng'oa bovu, weka jipya, lehemu. Lakini simu hupelekwa ili ipone simu, ilhali diski hupelekwa ili yapone yaliyomo. Yakishatoka salama, diski yenyewe ikatupwe. Fundi bora ni yule ambaye kila hatua yake inaonyesha ameielewa tofauti hiyo, na sehemu kubwa ya ubora wake huonekana kabla hajawasha bloa.

Anza kwa kusikiliza anachouliza. Ilianguka ikiwa inazunguka? Ilitoa mlio gani ilipochomekwa mara ya mwisho? Vichwa vya kusomea huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache tu, na kishindo kilichovunja tundu huenda kiliviumiza na vyenyewe. Diski inayogongagonga ndani ikirudishiwa umeme huweza kujikwangua, na kilichokwanguliwa hakirudi. Kwa hiyo anayeichomeka kwanza "tuone" bila kuuliza lolote amekwisha kukosea. Iliyozama kwenye mafuriko ya bonde la Msimbazi, ambayo watu wa Jangwani wanayajua vizuri, haifai kuonjeshwa umeme kabisa, hata kama tundu lake ni zima. Majibu yakiwa mazuri, fundi makini hutazama kama kuna njia isiyohitaji kulehemu. Tundu pana la USB 3.0 lililozoeleka kwenye diski hizi lina vyumba viwili, na kile kikubwa kina pini 5 za mtindo wa zamani. Kama kilichovunjika ni kile kidogo, waya wa kawaida wa simu za zamani, ule unaopitisha data, huingia hapo na mafaili yakasomeka, ingawa polepole. Anayeanza na njia hiyo hupata malipo madogo, na hilo peke yake linakwambia jambo juu yake.

Kava likifunguliwa, ujuzi ndipo unapoonekana. Diski nyingine ndani zina bodi ndogo inayochomoka, na nyuma yake kuna soketi ya kawaida ya SATA: hapo hakuna cha kulehemu, ni kuiunganisha na adapta nyingine. Nyingine, kama nyingi za My Passport za Western Digital, tundu limelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi ya diski, na katika matoleo mengi chipu ya hapo hufunga data kwa msimbo hata kama mwenyewe hakuweka nywila. Fundi akikwambia atatoa bodi kwenye diski inayofanana na kuipachika tu, muulize chipu za bodi ya awali atazifanyaje. Akishangaa swali, chukua diski yako. Akiamua kulehemu, omba kutazama kwenye hadubini: kila pini iwe na lehemu yake inayong'aa, isigusane na jirani, palipong'oka njia ya shaba pawe na kiwaya chembamba kilichonyooka, na mita ipite kuhakikisha volti 5 hazijashikana na ardhi kabla ya kuchomeka. Gundi iliyomwagwa juu ya kila kitu huficha zaidi kuliko inavyoshikilia.

Wapo watakaosema huku ni kukuza mambo, kwa kuwa matundu mengi hubadilishwa bila hadubini na diski zikafanya kazi. Ni kweli. Ila tundu la simu likiungua hununuliwa jingine, na picha za harusi hazina duka. Wengine watasema mteja hawezi kumpima mtu anayemzidi ujuzi. Kulehemu labda hawezi, lakini kuona fundi anafanya nini kompyuta inapomwomba aifomati diski anaweza: jibu ni hapana, kila mara. Aliye makini hunakili diski nzima kwanza kwenda nyingine, kwa programu kama ddrescue inayoruka sehemu mbovu na kuzirudia mwishoni, kisha hutafuta mafaili kwenye nakala. Wakati wa kukabidhi usiridhike na orodha ya majina. Fungua video ndefu, iruke hadi katikati, uone kama inacheza. Nakala inayobaki kwenye kompyuta ya fundi nayo ni sehemu ya kazi. Tangu 1 Mei 2023 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayotumika, na sura za wageni wa harusi ni taarifa za watu. Mkubaliane siku ya kuifuta kabla hujalipa.