Hukumu na Ushindi dhidi ya Uovu katika Ufunuo wa Yohana: Uhakiki wa Taswira ya Mwana-Kondoo

Uhakiki wa Ufunuo wa Yohana umekabiliwa na swali gumu: je, hukumu inayosimuliwa humo ni haki au ni kisasi? D. H. Lawrence, katika Apocalypse (1931), alishikilia kuwa ni kisasi. Kwake, kitabu hiki ni zao la chuki ya wanyonge wanaotamani kuona wenye nguvu wakiangamizwa. Kinyume chake, Allan Boesak, katika Comfort and Protest (1987), alikisoma akiwa Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, akaona humo faraja na upinzani wa wanaoonewa. Mvutano huo hauwezi kutatuliwa kwa kuangalia nafasi ya msomaji pekee. Ni lazima kuurejea usimulizi wenyewe.

Katika sura ya 5, Yohana anasikia habari za Simba wa kabila la Yuda aliyeshinda. Anapotazama, anaona Mwana-Kondoo aliyesimama, mwenye alama za kuchinjwa. Kinachoonekana kinafasiri upya kilichosikika. Baada ya hapo Kristo haitwi tena Simba, ilhali anaitwa Mwana-Kondoo mara 28 katika kitabu kizima. Kinywa cha simba kinajitokeza katika sura ya 13, lakini ni cha mnyama anayewatesa watakatifu. Hivyo basi, nguvu ya kurarua inahamishiwa upande wa uovu.

Mbinu hiyo inaendelea katika sura ya 12, ambamo vita vya mbinguni vinafuatwa na wimbo unaoeleza ushindi kwa damu ya Mwana-Kondoo na ushuhuda wa waumini waliokubali kufa. Katika sura ya 19, vazi la mpanda farasi limechovywa katika damu kabla mapigano hayajatajwa, na upanga wake unatoka kinywani. Silaha yake ni neno.

Dai la Lawrence kuhusu husuda linadhoofishwa zaidi na sura ya 18. Wanaoiombolezea Babeli ni wafalme, wafanyabiashara na mabaharia. Orodha ya bidhaa zao inaanzia dhahabu na kuishia na miili na roho za wanadamu. Mpangilio huo ndio hati ya mashtaka: Babeli haihukumiwi kwa kuwa tajiri, bali kwa kumgeuza binadamu kuwa bidhaa.

Hata hivyo, si haki kuificha damu inayofikia hatamu za farasi katika sura ya 14, wala ndege wanaoalikwa kula nyama ya wafalme katika sura ya 19. Taswira hizi zinampa Lawrence hoja ambayo Boesak haiondoi. Lakini simulizi haiishii hapo. Katika sura ya 21, wafalme wa dunia wanaleta utukufu wao katika mji ambao malango yake hayafungwi; katika sura ya 22, majani ya mti wa uzima ni ya kuwaponya mataifa. Ziwa la moto nalo linabaki katika sura hiyohiyo ya 21.

Kwa hiyo, Ufunuo haulinganishi ushindi na maangamizi ya adui. Hukumu inaufichua uovu na kuukomesha. Uponyaji ndio unaoukamilisha ushindi. Msomaji anayekomea kwenye hukumu anakuwa amekiacha kitabu kabla ya mwisho wake.