Fundi wa UPS Hupimwa kwa Taa ya Gari

Umeme ukikatika Kihesa jioni, steshenari za jirani na Chuo Kikuu cha Iringa huanza kulia. Moja inalia kwa vituo, mlio mmoja kila baada ya sekunde kadhaa: hiyo UPS, kile kifaa cha betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika, ni nzima, inakuarifu tu kwamba zamu sasa ni yake. Ya pili inapiga harakaharaka kama kifaranga aliyepotezana na mama yake, maana betri inakaribia kukata roho. Ya tatu ina mlio mmoja mrefu usiokoma. Hiyo imebebeshwa mzigo kuliko uwezo wake, na ukichungulia utakuta mtu kaichomekea printa ya leza. Halafu kuna duka lisilolia kabisa. Humo kompyuta imezimika na tasnifu ya mtu, na humo ndimo fundi atakamoitwa.

Nachapa kazi za wanachuo nyumbani, kwa hiyo mafundi wa UPS nimewaona wa kila namna. Siwezi kukufundisha ufundi wenyewe, lakini naweza kukuonyesha wa kumwachia kifaa chako na wa kumpa maji ya kunywa kisha ukamsindikiza hadi barabarani.

Mzuri anaanza na maswali kabla hajagusa bisbisi. "Kamwene, dada. Imeanza lini? Inazima umeme ukikatika tu, au hata ukiwepo? Umechomeka nini na nini?" Usimwone mvivu. UPS nyingi zina matundu ya aina mbili nyuma: mengine yanapata umeme wa betri, mengine yanakinga tu dhidi ya umeme unaopanda ghafla. Nimeshuhudia kompyuta "mbovu" ikipona kwa kuhamisha plagi tundu moja kushoto. Baadhi ya UPS za APC hutoka kiwandani waya mmoja wa betri ukiwa haujaunganishwa, ili betri isiishe njiani, na mnunuzi asiyesoma karatasi ya maelekezo hulalamika kauziwa kimeo. Na yupo jirani yangu aliyeita fundi usiku kwa sababu UPS ililia bila sababu. Uniti za LUKU zilikuwa zimeisha.

Muulize pia kuhusu ule mlio mdogo wa ndani, tk, tk, tk, hasa saa za jioni watu wanapopika na kupiga pasi. Akikwambia papo hapo kwamba ni ubovu, shaka naye. UPS zenye kirekebisha umeme ndani yake hubadilisha njia kwa rilei pale umeme wa volti 230 unaposhuka sana au kupanda, na kila badiliko lina tk yake. Mwenye masikio atakuambia tatizo liko kwenye laini ya mtaa, wala hatakutoza.

Sasa betri. UPS ndogo za nyumbani, zile za VA 600 au 650, kwa kawaida hubeba betri moja ya risasi iliyofungwa, volti 12, ampea-saa 7. Fundi wa kawaida anaichomoa, anaweka mita, anaona 12.6, anasema nzima. Mwingine anaona 11.8, anasema imekufa, nunua nyingine. Wote wawili wamepima betri ikiwa imepumzika, na betri ya risasi ikipumzika hudanganya. Iliyochoka inaweza kusoma vizuri kabisa hadi ipewe kazi, ndipo iporomoke kama ukuta wa matofali mabichi uliolowa mvua.

Ndiyo maana mimi humtazama fundi mezani kwake nikitafuta kitu kimoja: taa ya mbele ya gari, ile ya volti 12 na wati 55, iliyounganishwa nyaya mbili. Taa hiyo huvuta karibu ampea nne na nusu. Betri nzima iliyojaa itaiwasha huku mita ikibaki juu ya volti 12 kwa dakika za mwanzo, na itaendelea nusu saa na zaidi kabla ya kufika 10.5, mahali pa kuacha. Iliyokufa itashuka chini ya 11 kabla hujamaliza kumeza mate. Mwenye taa hii mezani ameshapata nusu ya maksi zangu.

Nusu nyingine ni ngumu zaidi, na wengi huanguka hapa: je, anauliza kilichoiua betri? Nilikoma kwa kubadilishiwa betri mbili ndani ya mwaka mmoja katika duka moja mjini, kila mara kwa tabasamu. Fundi wa tatu, kijana mpole asiye hata na kibao mlangoni, aliirudisha betri mahali pake, akachomeka UPS ukutani, akapima nyaya za betri zikiwa zinachajiwa. Zinatakiwa kusoma kati ya 13.5 na 13.8 hivi. Zangu zilisoma karibu 15. Sehemu ya kuchajia ilikuwa inazikaanga betri polepole, na dalili ilikuwepo siku zote: betri ilitoka kwa kung'ang'ania, imevimba mbavu. Kinyume chake pia hutokea. Ukikuta 12.4 isiyopanda, haichajiwi kabisa, na betri mpya utakayonunua itakufa kwa njaa.

Ikibidi kununua, usinunue kwa kung'aa kwa lebo. Tafuta tarehe iliyogongwa kwenye plastiki, maana betri ya risasi iliyokaa rafuni bila kuchajiwa kwa zaidi ya miezi sita huanza kuota chumvi ndani. Kisha ipime uzito. Ya ampea-saa 7 ya kweli ina kilo mbili na kitu, kwa sababu risasi haina mbadala wa bei rahisi. Mimi huipeleka kwenye mizani ya muuza maharage sokoni Kihesa. Anacheka, lakini anapima. Ikija kilo moja na nusu, mrudishie mwenyewe.

Kazi ya mikono uitazame kabla kifuniko hakijafungwa. Fyuzi iliyoungua ibadilishwe kwa fyuzi ya kiwango kilekile; ukiona nyuzi za waya zimeviringishwa mahali pake, chukua kifaa chako uondoke. Lehemu nzuri imekaa kama kichuguu kidogo kinachong'aa, imekumbatia mguu wa kifaa pande zote. Mbaya ni donge la kijivu lililopumzika juu tu. Vumbi jekundu la mtaani kwetu liwe limepulizwa, na skrubu zote nne zirudi. Mafundi wengi huona tatu zinatosha. Mwenyewe usifungue nyumbani, kwani hata ikichomolewa ukutani UPS iliyowaka inaendelea kutengeneza volti 230 kutoka kwenye betri.

Kuna ombi ambalo fundi hodari hulikataa, nawe umheshimu kwa kulikataa. Tangu migao ya umeme ya 2006 na 2011, maji ya bwawa la Mtera yalipopungua, watu wamekuwa wakitoboa UPS ndogo na kuiunganisha na betri ya gari ili ikae saa nzima na zaidi. Inakaa kweli, siku za kwanza. Lakini transfoma yake ilikusudiwa kazi ya dakika chache, kwa hiyo inachemka. Chaja yake ndogo haiwezi kuijaza betri kubwa, na betri ya maji inatoa gesi inayoshika moto chumbani. Anayetaka saa nyingi anunue inveta yenye kazi hiyo.

Sisi wa Iringa tuna bahati moja. Joto ndilo adui mkuu wa betri hizi. Inakadiriwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25 hupunguza nusu ya maisha yake. Baridi yetu ya Juni na Julai inayotutia makoti inazilinda, ndiyo maana betri inayokufa mapema Dar es Salaam yaweza kuvuka miaka minne hapa, usipoibana nyuma ya mashine ya kudurufu. Radi za Novemba hadi Aprili ni habari nyingine: mawingu yakikutana, chomoa kabisa.

Ukirudi na UPS yako, iache ichaji usiku mzima. Asubuhi washa kompyuta, fungua faili lisilo na thamani, zima swichi ya soketi ukutani bila kuchomoa plagi, kisha tazama saa. Kompyuta ya kawaida na kioo chake ikipata dakika 10 hadi 15, umehudumiwa. Ikiwa chini ya 5, rudi siku hiyohiyo, na uende na taa ya gari mkononi. Tarehe ya betri iandike kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwake. Yangu imeandikwa Machi 2023, na wiki iliyopita ilinipa dakika 11.