Tofali la Kweli, Nyumba ya Ndoto

Katika picha za mchoraji Jacek Yerka, jicho halikimbilii maajabu. Huanza na tofali. Kisha la pili, lenye ufa. La tatu, limeota kuvu. Matofali hupanda hivyo mpaka yakawa ukuta, na ndipo unapong'amua kwamba ukuta wenyewe umesimama juu ya mti, au unaelea hewani. Umeshachelewa kukataa. Uliyaamini matofali, huna budi kuiamini na nyumba.

Yerka alizaliwa mwaka 1952 huko Toruń, kaskazini mwa Poland, mji wa kale wa matofali mekundu kando ya mto Vistula. Wazazi wake wote wawili walisomea sanaa, hivyo alikua katikati ya rangi, wino na karatasi. Alipofika chuo kikuu, walimu walimshinikiza aache uchoraji wa kina, achore kama watu wa zama zake. Hakukubali. Alishikamana na wachoraji mabingwa wa kale, akina Jan van Eyck na Hieronymus Bosch, ambao kwao jani moja la nyasi lilistahili uangalifu uleule wa vazi la mfalme. Tangu mwaka 1980 anaishi kwa brashi yake.

Nauheshimu sana ukaidi huo, kwa kuwa ndio uliobeba ndoto zake. Msimulizi hodari wa ngano anaijua siri hii. Sungura wake anasema kama binadamu, lakini shamba analoliibia ni shamba hasa: lina karanga, lina umande wa alfajiri, lina mwenyewe. Msikilizaji akishaionja karanga, hamuulizi tena sungura amejifunza wapi kusema.

Karanga za Yerka zimetoka utotoni. Miaka ya 1950 kwake ni zama za dhahabu, na jiko la bibi yake halijamtoka moyoni. Ndiyo maana hata pale chumba kinapogeuka mbuga, au mashine inapoota viungo vya mnyama, vitu vyake vina uchakavu wa vitu vilivyotumiwa na kupendwa. Mwandishi Mmarekani Harlan Ellison alizitungia picha za Yerka hadithi katika kitabu *Mind Fields* cha mwaka 1994. Mwaka uliofuata Yerka akapata Tuzo ya Dunia ya Fantasia kwa wasanii.

Wengi hudhani njozi humpa fundi ruhusa ya kulegeza mkono. Yerka anatufundisha kinyume chake. Nyumba iliyojengwa ardhini hushikiliwa na ardhi. Yake inashikiliwa na uchoraji peke yake. Tofali moja likichorwa ovyo, yote huanguka.