Karisi ya Wanyanga: tusikie mbele ya kuhesabu

Ku masomo tulifundishwa kuchambua shairi kwa kuhesabu: beti ngapi, mizani ngapi, vina namna gani. Si vibaya. Lakini ukipeleka kipimo hicho kwa karisi, utenzi wa Wanyanga wa Walikale, kinakosa kazi.

Mwaka 1956 Shekarisi Rureke alimtolea Daniel Biebuyck habari za Mwindo, siku 12 nzima. Mwaka 1969 Biebuyck na Kahombo Mateene waliitoa katika kitabu. Maneno iko mle, ndiyo. Ila Rureke alikuwa anaimba, anasimulia, anacheza, kibuyu cha kutikisa mkononi, na wenzake wakipiga fimbo na kuitikia. Pale msomaji anaona neno linarudi-rudi na kusema mtunzi ameishiwa, ndipo waitikiaji wanaingia.

Basi tuulize kwanza: nani anaimba, nani anaitikia, wapi wimbo unaachia hadithi nafasi? Kisha picha, kisha maana. Hesabu ije nyuma. Bila hiyo, watoto wetu watapima kazi ya babu kwa kipimo cha wengine, na watasema: hii si shairi.